Maji Hayakukupwa Siku Ile

Mbagala, Dar es Salaam
Jumapili, 3 Machi 2024

Shangazi yangu Biubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta barazani kwenye jamvi lako, wanafunzi wa chuo chako cha Qurani wanakusomea na wewe unawafokea pale wanapokosea, maana nikisikia umenyamaza nitajua mambo yameharibika. Sisi huku tu wazima. Fauzia wangu kang'oka meno mawili ya mbele na sasa hataki kucheka mbele ya watu. Baba yake yuko njiani na lori, kafika Mbeya. Kheri kanipitia leo baada ya kuuza pweza wake, akasema kesho anarudi Mafia, ndio nikashika kalamu hapohapo. Barua ikifika inanuka pweza, usinilaumu mimi.

Naandika kwa sababu simu imenishinda. Baba akisikia sauti yangu tu analia mpaka anakosa pumzi, na wewe unamnyang'anya simu unakata. Kiharusi hufanya hivyo, mtu akalia au akacheka bila mwenyewe kutaka. Mimi ni muuguzi wa wodi hiyohiyo, maneno haya nimewaeleza ndugu wa wagonjwa mara nyingi mno. Lakini akilia baba yangu elimu yote inanitoka. Kwa hiyo simu nimeiacha.

Sasa nisikilize. Akila mkalishe wima, mito mgongoni, kidevu akiinamishe kidogo. Uji uwe mzito, ushuke kwenye kijiko polepole. Maji matupu bado, Shangazi, hata tone. Koo lake halijakaa sawa, na kitu chepesi kinampitia njia ya hewa kinaingia mapafuni. Ndiyo iliyompa nimonia alipoletwa huku Dar, tukamlisha kwa mpira wa puani wiki mbili. Dawa za presha ni kila siku, kichwa kiume kisiume. Si kama zamani, alipokuwa akimeza moja akishuka mnazini na kizunguzungu, halafu anasahau mwezi mzima.

Na jambo moja nakuuliza kwa adabu. Ile Jumamosi ya Januari, ilianza saa ngapi?

Mgonjwa wa kiharusi akifika kwetu hatuanzi na jina. Tunauliza, mara ya mwisho mlimwona mzima saa ngapi? Kuna dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda ubongoni, lakini inachomwa ndani ya saa nne na nusu tu. Ikipita hapo hatuthubutu. Kwenye faili la Baba pameandikwa "mchana", basi. Wewe ulinipigia asubuhi kwa simu ya jirani yenu Hafidhi, saa moja na dakika tano, bado ninayo kwenye simu yangu. Ulisema kaamka mchovu. Nikakwambia zamu yangu inaanza, mlaze apumzike, anywe maji, nitapiga mchana. Hapo alikuwa bado mzima, siyo? Nijibu hilo tu, nipate kutulia.

Mwanao,
Shamsa


Juani, Mafia, Ijumaa, 22 Machi 2024
Ramadhani kumi na moja

Kwako mwanangu Shamsa,

Marahaba, na Mungu akukuze. Barua imefika, na kweli inanuka. Paka wa jirani Siwema kanifuata nayo mpaka ndani, nikamwambia we paka, hii ni ya kusoma.

Sisi tunafunga salama. Siwema mwani wake umeoza kambani mwezi huu, kanuna na bahari nzima, na mimi kaninunia kwa kuwa nilimcheka. Mwambie Fauzia meno yataota, acheke tu, mimi sina manne na nacheka kila siku.

Baba yako hajambo kwa alivyokuwa. Mdomo umerudi kidogo mahali pake. Lile limpira ulilomletea analiminya kwa mkono wa kushoto siku nzima. Ule wa kulia anautazama tu, kama mgeni aliyeketi karibu naye bila kubisha hodi. Neno analo moja, "basi". Unataka uji? Basi. Umeshiba? Basi. Nikimkosea mto, BASI! Lakini sauti anazigeuza, nami nimeshazijua zote. Juzi walikuja wakwezi wenziwe kumjulia hali, wakataja ule mnazi mrefu wa msikitini, akacheka mpaka machozi. Halafu yakawa machozi ya kweli. Anakula vizuri, wima kama ulivyoagiza. Kikohozi anacho kidogo siku za Ijumaa, siku nyingine hana.

Umeuliza saa. Mwanangu, saa ya ukutani ilikwisha betri tangu Mfungo Tatu. Nilishasema hospitali na nasema tena. Ilikuwa mchana, kwenye saa sita hivi. Maji yamekupwa, mashua ya Kombo imekaa juu ya mchanga mpaka saa tisa, ndiyo maana hospitali ya Kilindoni tulifika magharibi. Maji ni amri ya Mungu, hayagombwi. Wewe funga, swali, muombee baba yako, ukimaliza lala. Hiyo kazi yako inakufanya uulize watu maswali kama polisi.

Shangazi yako,
Biubwa


Mbagala, Jumapili, 31 Machi 2024

Shangazi,

Shikamoo, na poleni na saumu. Huku wazima. Fauzia amecheka, umemponya.

Kwa nini Ijumaa?

Nimeisoma barua yako mara nne na kila nikifika hapo nasimama. Mgonjwa hana kalenda kooni. Ijumaa kuna nini? Shangazi, unampa kombe? Unaandika aya zako sahanini kwa zafarani, unaosha kwa marashi, unamnywesha? Sikatai dua yako. Hata mimi nilikunywa makombe yako utoto wangu wote na nikafaulu mitihani. Lakini kombe ni maji! Nakuomba, nakuangukia, usimpe.

Nikwambie ya huku. Jumanne aliletwa Mzee Shaibu, fundi cherehani wa hapa Mbagala. Mkewe alimwona mkasi ukimdondoka, akatazama saa, akapiga kelele mtaa mzima. Saa moja na nusu baadaye yuko mezani kwetu. Kipimo cha kichwa, dawa kwenye mshipa, na mimi nimesimama pale nahesabu presha yake kila robo saa. Jioni kanyanyua mkono. Jana katoka kwa miguu yake, mfuko kabeba mwenyewe, kanishukuru. Kitanda cha jirani alikuwapo mama mmoja aliyeletwa siku ya pili, alilazwa chumbani kwanza apumzike. Huyo tumemfunika Alhamisi.

"Apumzike." Umeona neno hilo?

Nilimsindikiza Mzee Shaibu hadi getini, nikarudi nikajifungia msalani nikalia. Mwenzangu akagonga akidhani naumwa tumbo. Siwezi kukaa, Shangazi. Nikikaa nasimama, nikila naacha. Hujanijibu nilichokuuliza. Sikuuliza lini mliondoka. Nimeuliza, saa moja asubuhi alikuwa mzima?

Shamsa


Juani, Jumanne, 16 Aprili 2024

Shamsa,

Marahaba. Kanzu ya Idi uliyotuma imemkaa vizuri, tumemvika tukamtoa barazani, watu wamempa mkono wa kushoto wote hata mashehe, kwa heshima yake. Kanga zangu nimezipata. Nzuri, ila jina lake lina maneno makali, sijui ulichagua au ni bahati mbaya.

Kombe ni langu na Mola wangu. Nimefundisha chuo miaka thelathini na mbili, wewe mwenyewe alifu umeijulia kwenye jamvi hili, leo unanifundisha? Haya. Nimesikia. Tusiligombanie.

Na lile la saa nimeshalijibu. Saa sita, maji yamekupwa. Usiniulize tena.

Biubwa


Mbagala, Jumamosi, 27 Aprili 2024

Shangazi,

Shikamoo. Salamu za nyumbani tutapeana siku nyingine, sina moyo nazo leo.

Kwenye meza yetu wodini kuna kalenda ya ukutani, ile yenye tarehe za Kiislamu pembeni kwa maandishi madogo. Jana nasubiri majibu ya maabara, macho yakaenda Januari yenyewe. Jumamosi tarehe 20. Rajabu nane.

Rajabu nane, Shangazi! Mwezi nusu. Umesahau unamwandikia nani? Mimi nimevuka kwenda shule Chole miaka saba, sketi mkononi, na Baba alitufundisha kuhesabu maji kabla ya kuhesabu shilingi. Mwezi nusu ni maji mafu. Yanajaa saa nne, saa tano asubuhi, na kukupwa kwenyewe hayakupwi, yanashuka kidogo tu jioni. Mashua ya Kombo siku hiyo isingekaa mchangani hata mngeiomba. Saa sita mchana ilikuwa inaelea!

Kwa hiyo umenidanganya. Umewadanganya madaktari, umenidanganya mimi nimeshika kitanda cha baba yangu, na umeirudia kwa kalamu mara mbili, moja ndani ya Ramadhani. Mlikuwa mnafanya nini? Mlikuwa na makombe yenu na uvumba wenu, Baba anakufa upande mmoja mbele ya macho yenu, na mashua inaelea pwani? Ndiyo hiyo unayoificha? Basi sema. Sema, nikuchukie mara moja niishe, kuliko hivi ninavyozunguka.

Maana kama si wewe ni mimi. Mmoja wetu ndiye. Nataka kujua ni nani.

Shamsa


Juani, Jumapili, 2 Juni 2024

Mwanangu Shamsa,

Nimekusalimu kabla hujanisalimu, mkubwa mimi, lakini leo acha iwe hivyo.

Barua yako imekaa Kilindoni wiki tatu. Kile kimbunga cha Hidaya kilipita juu yetu, Kheri hakwenda popote. Makuti ya jiko yameruka yote, minazi imelala kama watu waliochoka. Baba yako tulimbeba mimi na Hafidhi tukamweka msikitini. Alikuwa akiitazama minazi inavyoanguka na kusema basi, basi, basi. Lakini mzima, na kifua hakijamshika. Barua ilipofika imelowa, niliikausha juani. Niliomba wino uwe umefutika. Haukufutika hata herufi.

Umeshinda. Maji hayakukupwa siku ile. Nimekaa Juani miaka sitini na sita na nimesema uongo wa maji kwa mtoto wa Juani. Loh! Mtu wa bara angeniamini.

Sasa sikiliza yote, na ukae chini.

Alfajiri aliswali vizuri, nilimsikia akisoma. Tukanywa uji. Kikombe kikamdondoka. Nikamwambia umezeeka, hata kikombe? Akataka kunijibu, mdomo ukaenda upande. Ilikuwa saa moja kasoro, redio ya Hafidhi ilikuwa bado haijasoma habari. Nikapiga yowe, Hafidhi akaja mbio na simu, tukakupigia hapohapo uani, baba yako ameegemea kifuani kwangu.

Umepokea. Nikafungua kinywa nikwambie habari ya mdomo. Baba yako akanikamata kanga kwa mkono wa kushoto, akaivuta kwa nguvu zake zote za ukwezi, akanitikisia kichwa. Kanikazia macho. Alijua saa moja ndiyo unaingia kazini. Unakumbuka alivyokuwa akisema, msimsumbue mtoto, huko ana roho za watu mikononi? Ndiyo ile. Nami tangu utoto sijawahi kumkatalia kaka yangu. Nikasema kaamka mchovu. Ukasema alazwe apumzike, anywe maji. Ukakata.

Ndiyo. Alikuwa ameshapigwa. Umelitaka, nimekupa.

Lakini usishike hapo tu, shika na langu. Niliona mdomo umepinda nikasema huu upepo mbaya. Nikaandika kombe, nikamnywesha. Akapaliwa. Nikasema, aha, jini aliyemkalia anaikataa Qurani. Nikaandika la pili. Akapaliwa zaidi, macho yakamtoka. Nikaandika la tatu, Shamsa. Nilikuwa nafurahi! Nilikuwa najiambia anakaribia kutoka. Kumbe ni koo la kaka yangu limekufa na mimi nammiminia. Adhuhuri Hafidhi akaniambia, Biubwa, mimi na Kombo tunamchukua, utake usitake. Mpaka tumpate Kombo na mafuta ya mashine, saa tisa.

Nilipofika Dar nikakukuta mlangoni na sare yako nyeupe, uso huna damu, unaniuliza ilianza saa ngapi. Nikaona nikisema kweli nitakuzika wewe kabla yake. Nikayasingizia maji. Bahari haina baba wa kumlilia, nikaona itabeba. Kombe nimeacha tangu barua yako ile uliyouliza kwa nini Ijumaa, nikakuandikia kwa ukali kwa kuwa nilishajua maana ya kile kikohozi, na sikuweza kuvumilia kukijua.

Najua unahesabu sasa hivi. Saa moja, mashua mpaka Utende, gari mpaka Kilindoni, ndege. Usihesabu. Nakukataza kama shangazi yako.

Ukitaka kunichukia, nichukie, lakini uje Idi ya kuchinja unichukie hapa, nikuone.

Biubwa


Mbagala, Jumatano, 19 Juni 2024

Shangazi yangu,

Shikamoo. Shikamoo tena, ya ile barua niliyokutukana. Nimekosa adabu na ninajua.

Sikuja Idi. Nilikata tiketi ya boti, nikafika mpaka gatini Nyamisati, watu wanapanda na mbuzi wao. Nikarudi na begi. Nilishindwa kumtazama Baba. Fauzia kaniuliza mbona tumerudi, nikamwambia bahari imechafuka. Bahari ilikuwa shwari kabisa. Umeona? Na mimi nimeyasingizia maji.

Nimehesabu, ulinikataza na nimehesabu. Mpaka saa tano angekuwa kwetu. Pengine angetoka anatembea kama Mzee Shaibu. Pengine asingetoka, maana wapo wanaowahi, tukawachoma dawa, na mkono usirudi, na wapo wanaovuja damu kwa dawa hiyohiyo tukawapoteza. Hiyo "pengine" ndiyo iliyonizungusha miezi mitano. Sasa nimeacha kuifukuza. Haitoki, lakini angalau najua inakaa wapi.

Na lipo ambalo sikukwambia. Nilisema nitapiga mchana. Mchana nilipata nafasi, Shangazi, nusu saa nzima. Nilikula wali na wenzangu kantini, mmoja akasimulia habari za harusi, tukacheka mpaka tukashika mbavu. Simu ilikuwa mezani mbele yangu. Sikupiga. Nilisema wazee wakichoka huwa wanachoka tu. Mimi, wa wodi ya kiharusi! Nimekusakama wewe saa yako ili nisiulizwe yangu.

Sasa maagizo, maana bila maagizo mimi si mimi. Mkono wa kulia mnyooshe vidole kimoja kimoja, asubuhi na jioni, hata akisema basi. Kiti chake mgeuzie upande ambao haoni minazi iliyoanguka. Na kombe lako usiliache. Liandike kama kawaida, lioshe, halafu maji yake hayo upikie uji, uwe mzito, umlishe kwa kijiko akiwa wima. Nimemuuliza shehe wa msikiti wa hapa, kakuna ndevu, kasema hajawahi kuulizwa swali hilo lakini haoni ubaya. Najua utasema umefundisha chuo miaka thelathini na mbili. Sema, kisha upike.

Zamu nimebadilishana na mwenzangu. Nitapiga Jumamosi, tarehe 29, kwa simu ya Hafidhi, saa moja na dakika tano asubuhi. Muweke Baba simu sikioni. Nataka kumwambia mwenyewe kwamba alikosea kukuvuta kanga, na kwamba nilikosea zaidi. Atalia. Muache alie, na mimi nitalia, na wewe usije ukamnyang'anya. Siku ile nilikata. Safari hii nitamsikiliza mpaka mwenyewe aseme basi.

Mwanao,
Shamsa